Muulize Babu wa Safari: Ukoo mzima kwenye magofu ya Wamaya

Tangu nilipodokeza hapa kwamba nilikwenda na wakwe zangu Yucatán, rasi ya Meksiko yenye magofu ya Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, mhariri ananiletea barua za Wamaya tu. Za Serengeti na Zanzibar nimeziweka kiporo. Mwezi huu nimechagua nne. Wale mlioniuliza kama niliona dhahabu: Wamaya wa enzi zao kubwa walithamini jade, jiwe la kijani, na manyoya ya ndege kuliko dhahabu, na mimi sikuokota hata kimoja.

Shikamoo Babu. Sisi ni familia ya Machame, ila tumetawanyika: Moshi mjini, Arusha, Dar, na mdogo wetu wa mwisho yuko Uingereza. Kila Krismasi tunakutana kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mwakani mama anatimiza miaka 75, na kikoba chetu cha familia kimefikia mahali pa kumpeleka safari kubwa. Watoto wameona piramidi za Wamaya kwenye simu, wamekazania Meksiko. Tuko kumi na wawili: mama, wanawe wanne, wenzi wawili waliokubali kwenda, na wajukuu watano, mdogo kabisa ana miaka sita. Mama magoti yanamsumbua. Shemeji yangu ameshapanga ratiba: Cancún, Tulum, Chichén Itzá, Uxmal, Palenque, Tikal na Copán, siku kumi. Anasema nauli ikishakuwa kubwa hivi lazima tuone vyote. Mimi naogopa. Mama naye anauliza huko kuna nini cha yeye kuona, maana maisha yake ni shamba. Marehemu baba alifanya kazi miaka mingi kwenye mkonge Tanga. — Dada Mkubwa, Machame

Marahaba, Dada Mkubwa. Nianze na shemeji, maana nikimwacha mwisho atakuwa ameshalipia.

Ratiba yake inavuka nchi tatu. Tikal iko Guatemala, ndani ya msitu wa Petén. Copán iko Honduras. Palenque iko Meksiko, jimbo la Chiapas, na kutoka Cancún hadi hapo ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Siku kumi hizo mtakuwa mnaangalia kisogo cha dereva. Nimeendesha watalii miaka mingi kabla magoti yangu mwenyewe hayajanistaafisha, na nimewaona waliotaka Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti kwa siku tatu. Siku ya tatu simba anapita ubavuni mwa gari, mzee wa watu amelala mdomo wazi, kichwa kinagonga kioo, na bintiye anamwomba msamaha mkwewe kwa maneno ya jana yake.

Kata mahali pane. Bakini Yucatán peke yake: Chichén Itzá, Uxmal na mji mdogo wa Izamal. Mkiongeza siku ya kuogelea na siku mbili za kutofanya lolote, siku kumi zimejaa. Shemeji akisononeka, mwambie Tikal imesimama hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja, itamngoja.

Tarehe. Nyie watu wa Machame hamwezi kukosa nyumbani Krismasi, na bei za kule hupanda vibaya wakati huo huo wa sikukuu. Ondokeni shule zikishafungwa, mwanzoni mwa Desemba, mrudi kabla migomba haijaanza kupambwa. Mvua zao kubwa na vimbunga huwa Juni hadi Novemba, kwa hiyo likizo ya katikati ya mwaka isahauni. Aprili na Mei kuna joto ambalo mama hatakusameheni.

Makaratasi. Mtanzania anahitaji viza ya Meksiko, na ubalozi unaotuhudumia uko Nairobi, kwa hiyo Namanga mtaizoea. Kila mtu anaomba yake, hata huyo wa miaka sita. Viza ya ukoo haipo. Wanataka kuona hela benki na sababu ya wewe kurudi nyumbani. Lakini aliye na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Ulaya za Schengen huingia Meksiko kutalii bila viza yao. Mdogo wenu wa Uingereza, akiwa na ukaazi wa kudumu kule, naye hivyo hivyo. Mjukuu anayesafiri bila mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki. Nyie wenzi wenu wengine hawakukubali kwenda (sitauliza), kwa hiyo barua zitakuwa kadhaa. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe nayo. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Anayechanjwa upya achanje angalau siku kumi kabla ya safari.

Kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KLM hupitia Amsterdam na Turkish hupitia Istanbul, na kote mnaunganisha kwenda Meksiko. Tiketi ya bei chee inayopitia Marekani ikataeni, maana hata kubadilisha ndege tu pale kunadai viza yao. Na siku ya kukata tiketi ombeni kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Hakilipiwi. Msimsikilize akisema anaweza kutembea. Mama zetu wote husema hivyo mpaka waone urefu wa korido ya Istanbul.

Cancún shukeni tu, msilale. Ni hoteli na ufukwe, na ufukwe Watanzania tunao. Chukueni gari moja la watu wote hadi Valladolid, mwendo wa saa mbili hivi, mji mdogo wenye uwanja wa kanisa katikati na watu wanaokaa jioni kwenye viti kupunga upepo. Mlale siku kadhaa, kisha mhamie Mérida. Kuna treni mpya, Tren Maya, iliyoanza Desemba 2023 na kupita miji hiyo hiyo. Wapandisheni watoto kipande kimoja wakafurahi. Siku mbili za kwanza msipange kitu. Yucatán iko nyuma yetu kwa saa tisa: Moshi kukiwa saa sita mchana, Mérida ni saa tisa ya usiku. Mama ataamka usiku wa manane akitaka chai.

Sasa Chichén Itzá. Kutoka Valladolid ni kilomita arobaini na kitu, na geti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Muwe hapo saa mbili. Mabasi ya Cancún huanza kumwaga watu kuanzia saa nne, na wauza vinyago wakishapanga meza zao kila njia, wakipuliza vifilimbi vinavyotoa mngurumo wa chui wa kule, yaani jaguar, mtoto wenu wa miaka sita hatasikia tena maelezo ya mtu. Jumapili msiende; raia na wakaazi huingia bure siku hiyo na wanakuja kweli kweli. Mgeni hulipa tiketi mbili, moja ya taifa na moja ya jimbo, kwa hiyo mweka hazina asianze ugomvi dirishani akidhani ameibiwa.

Piramidi kubwa, El Castillo, ina urefu wa mita 30 hivi. Kila upande una ngazi 91, pande nne, na kidaraja kimoja juu: jumla 365, siku za mwaka. Kuipanda kumepigwa marufuku tangu katikati ya miaka ya 2000, na kwenu hiyo ni neema, kwani hakuna atakayemwacha mama chini akajisikia mzee. Kitu cha kufanya ni hiki. Wapange watoto mbele ya ngazi za kaskazini, hatua chache kutoka chini. Mmoja apige kofi moja, kavu, kisha wote wanyamaze. Jiwe linarudisha mlio mkali unaoshuka mwishoni, mlio wa ndege. Wenyeji watakuambia ni quetzal, yule wa manyoya marefu ya kijani ambayo wafalme walivaa. Mke wangu, ambaye hajawahi kuvutiwa na jiwe lolote, alipiga makofi hapo hadi viganja vikawa vyekundu, na mtalii mmoja akadhani ni ibada.

Kisha nendeni uwanja wa mpira. Una urefu wa mita 168, na pete za mawe ziko ukutani juu kiasi cha mita sita. Walicheza kwa nyonga, na mpira wenyewe ulikuwa wa utomvu wa mpira uliojaa ndani, mzito. Wajukuu wa kiume wajaribu kurusha hata chupa ya maji iliyo tupu ifike kwenye ile pete, wataheshimu. Ikifika saa tano, ondokeni. Kweli, ondokeni tu, hata shemeji akisema bado. Mchana wake ni wa senote. Rasi yote ile ni mwamba wa chokaa, mito ya juu hakuna, maji yanapita chini ya ardhi, na paa la mwamba likiporomoka linabaki shimo lenye maji mazuri ya bluu. Watoto wa Moshi waliozoea chemchemi ya Chemka wataruka bila kuuliza kina. Hapo sheria ni kuoga kwanza, mafuta ya ngozi yote yatoke, ndipo uingie.

Uxmal iko kilomita 80 hivi kusini mwa Mérida. Mimi naipenda kuliko Chichén Itzá na sioni aibu kusema. Watu ni wachache, na ile Piramidi ya Mchawi ina kona za mviringo ambazo hutaziona kwingine. Ngano yao inasema kibeti mmoja aliijenga usiku mmoja. Angalieni pembe za majengo: sura za Chaac, mungu wa mvua, pua zimejikunja, zimerundikwa moja juu ya nyingine. Eneo lile halina hata senote, kwa hiyo waliishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga kwenye visima vya kuchimbwa, na mtu anayengoja mvua hivyo huchonga pua nyingi. Bebeni kigoda cha kukunja. Mama akae kivulini kwenye ua ule mkubwa ambao Wahispania waliuita wa watawa, ingawa mtawa hajawahi kuishi hapo, na nyie mzunguke. Mijusi wakubwa waitwao iguana watakuja kumwangalia. Hawang'ati wasipochokozwa.

Sasa la mama mwenyewe, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Mkonge uliomlisha umetoka huko huko. Mwaka 1893 Mjerumani, Dokta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ambako mmea ulikuwa umepelekwa kutoka Yucatán. Miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba yote mliyoyajua, makatani, matreni, mishahara ya baba, yalianzia kwenye ile 62. Karibu na Mérida kuna shamba la zamani, Sotuta de Peón, ambako bado wanaonyesha kazi yenyewe: vigari vya reli vinavyokokotwa na nyumbu, na mashine ya kusindika. Wao hulima hasa ndugu yake mkonge, henequén, wenye rangi ya kijivu kidogo, lakini majani yanaingia upande mmoja mabichi, majimaji ya kijani yanaruka, na upande wa pili zinatoka singa zinazoning'inizwa juani. Harufu ile mama ataijua kabla hajashuka garini. Mpeni siku nzima. Na muwe tayari yeye awe mwongozaji wenu, amkosoe hata mwenye mashine.

Izamal ni njiani kati ya Valladolid na Mérida. Mji wote umepakwa rangi ya njano, kuna vigari vya farasi ambavyo mama atavipenda, na katikati ya nyumba za watu kuna piramidi kubwa, Kinich Kakmó, ambayo watoto wanaruhusiwa kupanda na haina kiingilio. Wakishuka washuke kwa ubavu. Ngazi za Wamaya ni ndefu kwenda juu na finyu pa kukanyaga.

Chakula hakitawapa shida. Kitimoto wanacho, cochinita pibil, kinatiwa maji ya machungwa machachu, kinafungwa kwenye majani ya mgomba na kuokwa shimoni. Baba zako wadogo wakisikia watataka kuja. Pilipili ya habanero iko mezani kando, na mtoto asiiguse. Lakini nendeni sokoni asubuhi mkaone mahindi. Wanayachemsha na chokaa kisha yanalala usiku kucha. Mama muuzaji alinitilia machache kiganjani: ukiyasugua kwa kidole gumba, ganda linavuka lenyewe, jembamba, na ndani punje imekuwa ya njano iliyoiva, inateleza. Inanukia ukuta mpya. Hiyo ndiyo wanasaga kutengenezea tortila, chapati zao za mahindi. Na chokaa haikuwekwa kwa urembo, maana inafungua niasini, vitamini iliyo ndani ya mahindi. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila ule ujuzi, watu maskini waliokula mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Sisi tuna bahati kwamba kwenye makande tulitia maharage.

Mwisho ni hela, maana penye wengi pana mengi. Mweka hazina awe mmoja, na asiwe yule aliyechanga kubwa. Mfuko wa pamoja ulipe malazi, gari, viingilio na mlo mmoja kwa siku. Soda, kofia na vinyago kila mji ujitegemee. Mdogo wenu wa Uingereza akianza kutoa amri kwa sababu pauni zake zimesaidia, mpeni kazi ya kumsindikiza mama chooni kila kituo. Atapoa.

Shikamoo Babu. Mimi ni bodaboda wa Sakina, nikikosa abiria naangalia video. Kuna jamaa anasema piramidi za Wamaya zilijengwa na viumbe kutoka anga, na wenyewe walipotea ghafla dunia nzima isijue walikokwenda. Na ile ya mwisho wa dunia 2012 waliitoa wapi? — Mtoto wa Sakina

Marahaba kijana. Vaa helmeti, kisha tuongee.

Waliojenga waliandika majina yao. Kule Copán kuna ngazi ambayo kila kidaraja kimechongwa maandishi, alama zaidi ya elfu mbili, na zinataja wafalme wao mmoja baada ya mwingine. Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuzisoma. Mwaka 1952 Mrusi, Yuri Knorozov, akaonyesha kwamba alama zile zinabeba sauti za lugha yao, na 1960 mama mmoja mtaalamu, Tatiana Proskouriakoff, akaonyesha kwamba tarehe za kwenye mawe ni za kuzaliwa, kutawazwa na kufa kwa watu. Kiumbe wa anga asingehangaika kuandika mama yake mzaa chema ni nani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mgongo. Chuma cha kuchongea hawakuwa nacho, wala ng'ombe wa kukokota, wala mkokoteni. Walikata jiwe la chokaa, ambalo likiwa bichi ardhini ni laini, kwa mawe magumu zaidi, wakabeba kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walichoma chokaa kwa kuni nyingi mno kupata plasta.

Najua na picha utakayonirushia: mfuniko wa jeneza la Palenque, mtu ameegemea nyuma eti anaendesha roketi. Yule ni Pakal. Alitawazwa mwaka 615 akiwa na miaka 12, akafa 683. Kaburi lake lilifunguliwa 1952 na Alberto Ruz Lhuillier, baada ya kutoa kifusi misimu kadhaa kwenye ngazi iliyofichwa ndani ya hekalu. Mchoro unamwonyesha mfalme kati ya mauti na kuzaliwa upya, na "moshi wa roketi" ni kinywa cha kuzimu, na mti wa ulimwengu umesimama juu yake. Ukiutazama mfuniko kwa wima, kama ulivyochorwa, rubani anatoweka.

Kupotea. Miji mingi ya kusini, Tikal ikiwemo, iliachwa karne ya 9 na ya 10. Ukame wa kurudiarudia, vita kati ya falme, wafalme walioahidi mvua isinyeshe. Kaskazini Chichén Itzá ikapanda wakati huo huo. Mji mkuu wa ufalme wa mwisho, Nojpetén, ulitekwa na Wahispania mwaka 1697. Sasa hesabu mwenyewe, huyo ni mtu aliyepotea? Leo wapo mamilioni, wanaongea lugha karibu thelathini za jamii moja. Rigoberta Menchú, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani 1992, ni Mmaya wa Guatemala. Anayepika tortila Valladolid ni Mmaya. Mwenye kijiduka cha vocha pale Izamal alikuwa anamgombeza mwanawe kwa Kimaya nikiwa nimesimama nangoja chenji. Mtu akisema mbele yao kwamba walipotea, wanacheka kwa adabu. Kilichopotea kwa kweli ni ukubwa wa miji yenyewe, maana msitu uliifunika: 2018 wataalamu walitangaza kwamba vipimo vya leza kutoka kwenye ndege juu ya Petén vimeonyesha majengo zaidi ya 60,000 yaliyokuwa chini ya miti.

2012 utaielewa wewe mwenye pikipiki. Kalenda yao ndefu huhesabu siku tangu mwaka 3114 kabla ya Kristo. Tarehe 21 Desemba 2012 mzunguko mmoja wa miaka 5,125 hivi ulijaa, mita ikageuka namba. Pikipiki yako ikifika 99,999 hulipuki, unaendelea Ngaramtoni.

Bwana asifiwe ndugu mwandishi. Mimi ni mzee wa usharika hapa Marangu. Wanangu wananishawishi niende nao kwenye hayo magofu. Nimesikia walitupa mabinti mabikira shimoni kwa miungu yao. Je, ni halali Mkristo kutembelea madhabahu za namna hiyo? Tusije tukarudi na mambo nyumbani. — Mzee wa Usharika, Marangu

Amina, mzee wangu. Halali ya kanisa atakuambia mchungaji. Mimi nakuambia niliyoyajua.

Sadaka za watu zilikuwepo, na sitakuficha. Shimo takatifu la Chichén Itzá lilipoopolewa mwanzoni mwa karne ya 20 ilitoka jade, dhahabu iliyoletwa kutoka mbali, ubani na mifupa. Lakini habari ya mabikira imetiwa chumvi. Mwaka 2024 watafiti walichapisha vipimo vya vinasaba vya watoto 64 waliozikwa kwenye kisima cha chini ya ardhi karibu na shimo hilo. Wote walikuwa wavulana. Kama robo yao walikuwa na ndugu wa karibu wa damu humo humo, na kulikuwa na jozi mbili za mapacha. Nilipolisoma hilo nilifikiria wazazi wao, nikaacha kula kidogo.

Nenda Izamal, mzee. Kule monasteri ya Mtakatifu Antonio wa Padua ilijengwa karne ya 16 juu kabisa ya jukwaa la hekalu la Wamaya, kwa mawe yale yale; Papa Yohane Paulo II alifika 1993. Aliyeianzisha ni padri Diego de Landa. Ni huyo huyo aliyechoma vitabu vya Wamaya pale Maní mwaka 1562, na akaeleza kwa maandishi yake kwamba watu walisikitika mno. Vitabu vinavyojulikana kubaki duniani ni vinne. Wewe ni mtu wa Marangu, mnayo makanisa ya zaidi ya miaka mia, na wazee wenu nao walikuwa na miti na mahali pa matambiko ambapo leo hatupataji kwa sauti. Kaa kwenye ua ule wa njano, uone waumini wakiingia misa wakinong'onezana Kimaya. Mimi nilisali pale, na hakuna kitu kilichonifuata nyumbani isipokuwa deni la simu.

Vaa viatu vilivyofungwa, na suti iache Marangu.

Habari ya kazi Babu. Mimi ni mwalimu wa historia Usa River. Wanafunzi wangu wamechangamka na Wamaya lakini nauli yetu haifiki hata Nairobi. Kuna magofu gani ya karibu nitawapeleka wakajifunza jambo lile lile? — Mwalimu, Usa River

Nzuri, mwalimu. Wapeleke Engaruka, wilaya ya Monduli, mkoa wetu huu huu. Kutoka Arusha unapita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha unakata kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Piramidi hakuna. Kuna mashamba ya kilomita za mraba zipatazo 20 yaliyozungushiwa mistari ya mawe, mifereji iliyoleta maji kutoka vijito vinavyoshuka nyanda za juu za Ngorongoro, na juu kwenye mteremko majukwaa ya mawe ambapo nyumba zilisimama. Watu walilima mtama hapo kuanzia karne ya 15 hivi, wakaendelea kwa vizazi, kisha wakaondoka. Swali lenu la Tikal liko mbele ya macho yao: maji yalisimamiwaje, na yalipopungua nani alihama kwanza. Ukiwa na mwanafunzi wa Kichagga darasani mwambie aulize nyumbani mfereji wa mtaa wao unagawanywaje zamu. Wasonjo nao mpaka leo wanalima kwa mifereji. Wape kamba wapime upana wa mfereji mmoja na urefu wa ukuta mmoja, wachore, waandike. Mtoto akipima ukuta kwa mkono wake hatakuja kuamini video za bodaboda wa Sakina.

Ongea kwanza na ofisi ya kijiji, uchukue mwongozaji wa pale pale, maana mawe hayana vibao na mtu asiyejua atawapitisha juu ya kuta akidhani ni kokoto. Juni na Julai jua linavumilika, vumbi halivumiliki. Maji mbebe ya kutosha kutoka Mto wa Mbu, na ndizi nyekundu nunueni wakati wa kurudi, maana mkizinunua asubuhi zitaishia kwenye gari.